Tuyo Isiyobeba Kitu

Wanafunzi wenzangu, minerval yangu inatoka kwa Yamaha DT 125 ya zamani. Baba mudogo anabeba nayo watu na mizigo ya soko. Mbele ya likizo ikaanza kutusumbua: inatembea kidogo, inazimika, ukingoja, inawaka tena. Watu wakasema esanse ni mbaya. Kumbe fundi mumoja aliyefungua karburateri alikunja tuyo ndogo na kuzifunga na kamba, sababu aliona hazibebi kitu.

Tulizifuata moja moja kwa kidole. Ile inayotoka kwa robine ya tanki inaleta esanse. Hapana pompe hapo, esanse inashuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo tuyo iteremuke bila kupanda tena, bila kukunjika, na isiguse silinda yenye moto. Nyembamba nyingine inatoka kwa pompe ya mafuta. Hiyo usiichezee: injini hii inachoma esanse pamoja na mafuta, na mafuta yakikosa, pistoni inashika na kazi imekwisha.

Zile zilizofungwa zilikuwa za hewa. Zinapaswa kuning'inia wazi chini. Hewa isipopita katika kikombe cha karburateri, esanse nayo haishuki vizuri. Tulizinyoosha, pikipiki ikapanda mulima bila kuzimika. Hatukununua kitu.

Basi ndugu, mbele ya kung'oa tuyo, chora kwa karatasi kila moja inatoka wapi na inaenda wapi. Na usifunge kitu kwa sababu tu hujaona kazi yake.