Samaki wanne katika lita 60

Leo sizungumzii barabara wala bei ya unga. Nazungumzia samaki wanne wa mapambo walioko nyumbani kwangu hapa Kadutu, mjini Bukavu. Ni wale samaki wa dhahabu, ambao wengi wetu tunawaita kwa Kifaransa poisson rouge. Si wangu. Mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipofika mjini, jirani yangu alivuka mpaka na jamaa yake kuelekea Bujumbura. Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa nyumba, kuku wawili na tangi la kioo la lita 60. Kuku hawakunisumbua. Samaki ndio walioanza kupigana.

Jirani yangu ana mtoto wa kike wa miaka 9, na samaki mmoja ni wake kabisa: yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza nje. Kila simu inapopata mtandao, hata kabla salamu hazijaisha, anauliza: «Papa, mweusi wangu anakula?» Mtoto huyo ameacha shule, ameacha kitanda chake, ameacha rafiki zake. Siwezi kumjibu kwamba ni samaki tu.

Na mweusi hakuwa anakula. Wekundu wawili wembamba, wenye mkia mmoja na mbio kama mshale, walikuwa wakimkimbiza tangu asubuhi. Wanamgonga ubavuni, wanamvuta mkia, yeye anajibanza kwenye kona. Mkia wake ulianza kuchanika. Wa nne, mweupe mwenye madoa mekundu na mkia uliogawanyika mara mbili, naye alisukumwa, lakini si sana.

Nyumbani kwangu siku hizo tulikuwa watu 14, kwa sababu nimepokea jamaa mbili za wahamiaji wa vita kutoka Kalehe. Watoto walikaa mbele ya kile kioo kama watu wanaotazama mpira. Mwekundu mkubwa walimpa jina la Komanda, na hukumu waliitoa haraka: atolewe, afungwe.

Tukamtoa Komanda, tukamweka kwenye beseni siku nne. Hiyo ni dawa inayojulikana kwa wafugaji: unamtenga mgomvi, unahamisha mawe na majani ndani ya tangi ili akirudi aone pageni, asiwe na kona anayoiona kuwa yake. Siku ya kwanza kulikuwa na utulivu. Siku ya pili yule mwekundu mdogo, ambaye hakuna aliyekuwa amemtilia maanani, akaanza kumkimbiza mweusi vilevile. Watoto walinyamaza. Mmoja akauliza: «Sasa huyu naye tumfunge?»

Hapo ndipo mzee mmoja kati ya wageni wangu alipovuta kiti. Mzee huyu amevua sambaza usiku kwa taa tangu ujana wake. Alitazama muda mrefu, kisha akasema: «Ziwani samaki anayefukuzwa ana pa kwenda. Huyu wenu aende wapi?»

Maneno yake yanakubaliana na mambo yanayojulikana kuhusu samaki hawa. Wanatoka China, ambako watu wamewafuga kwa zaidi ya miaka 1,000, na ni ndugu wa kapu. Si samaki wa vita kwa asili. Hawana meno mdomoni. Meno yao yako kooni, ya kusagia chakula. Hawalindi shamba lao kama wanavyofanya baadhi ya samaki wa Tanganyika, wale wa mawe ya ufukweni ambao mmoja anaweza kumuua mwenzake kwa sababu ya mwamba. Ukiona samaki wa dhahabu anamsumbua mwenzake siku nzima, mara nyingi kuna jambo linalomsukuma, na inafaa ulitafute kabla ya kutoa hukumu.

Jambo la kwanza ni uzazi, na mzee ndiye aliyelitambua. Alituonyesha vidoadoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, kwenye vifuniko vya matamvua ya Komanda na ukingoni mwa mapezi yake ya mbele. Ni alama ya dume aliye tayari. Dume wa namna hiyo humfuata jike na kumsukuma tumboni ili atoe mayai. Msiichanganye na ugonjwa wa madoa meupe, ambao huenea mwili mzima hadi mkiani, na samaki hujikuna kwenye mawe. Kimbizano la uzazi huisha baada ya siku chache, lakini mahali padogo jike anaweza kuchoshwa hadi afe, na madume huwasumbua hata samaki wasiohusika.

La pili ni chakula. Mweusi haoni vizuri kwa sababu ya yale macho, na umbo lake la mviringo halimruhusu kukimbia. Chembe zikianguka upande mmoja, wekundu wanamaliza kabla hajafika. Ndiyo maana wafugaji wengi hawachanganyi wembamba wa mkia mmoja na wale wanene wenye macho au mikia ya pekee. Sisi tulianza kutupa chakula pembe mbili kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, na upande wa mweusi tukaweka lengalenga iliyochemshwa na kukatwakatwa.

La tatu ni maji. Samaki hawa hula sana na huchafua sana. Uchafu wao hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua. Samaki aliyedhoofika kwa maji mabaya hukimbizwa na wenzake, na ukimwona anahema juu ya maji, ujue hali imeharibika. Kwa jirani kulikuwa na mashine ndogo ya kupuliza hewa na kuchuja maji. Kwangu umeme hukatika siku nzima, wakati mwingine siku mbili.

La nne ni nafasi. Wafugaji wenye uzoefu hushauri lita 75 hivi kwa samaki mmoja mnene, na 40 nyingine kwa kila anayeongezeka. Wembamba wanahitaji zaidi, kwa sababu wanakua warefu na wanapenda mbio. Sisi tulikuwa na wanne katika lita 60. Ukimtoa Komanda, watatu waliobaki bado wamebanana.

Tulihitaji chombo kikubwa, na tulihitaji maji. Hapo mama mmoja wa Kalehe akanisimamisha uani. «Papa, watoto wananawa kwa kikombe, na samaki wanabadilishiwa maji?» Swali lake lilikuwa la haki. Bidoni ya lita 20 inapanda mlima huu kichwani au mgongoni mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yeye. Tulikaa, tukaongea. Tulikubaliana kwamba hakuna bidoni ya samaki kabla ya zile za kupikia na kunywa kujaa. Maji yanayotoka kwa samaki hayamwagwi ovyo: yanakwenda kwenye lengalenga zake nyuma ya nyumba, yanayobaki yanakwenda chooni. Na chombo kikubwa kitajazwa kwa mvua. Masharti ni ya mama, mimi niliyakubali.

Nikapata pipa la plastiki lililokuwa likiwekewa mahindi, tukalilaza na kulikata ubavu ili liwe na mdomo mpana. Mdomo mpana una maana, kwa sababu pasipo mashine hewa huingia kupitia uso wa maji. Mvua mbili zikatosha kufika lita 150 hivi, tukachanganya na maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke. Asubuhi na jioni mtoto mmoja huchota kwa kikombe na kumimina kutoka juu mara ishirini, thelathini. Ndiyo mashine yetu. Baridi ya Bukavu inatusaidia: samaki hawa wanapenda maji ya nyuzi 18 hadi 24, na maji yasiyo ya moto hubeba hewa zaidi.

Wekundu wawili wako kwenye pipa. Mweusi na mweupe wamebaki kwenye kioo. Mkia uliochanika tuliutunza kwa maji safi na chumvi ya jikoni, kijiko kidogo kwa lita tatu, kwenye beseni la pembeni, siku kadhaa. Unaota tena, ingawa ukingo wake si laini kama zamani. Huko kwenye pipa Komanda bado humfukuza mwenzake asubuhi fulani. Tofauti ni kwamba yule mdogo huzunguka upande wa pili, na baada ya dakika chache wote wawili wanakula.

Kijana mmoja alipendekeza tuwatupe ziwani, wapate uhuru. Mzee alikataa kabla sijafungua mdomo. Alitukumbusha kwamba hata sambaza si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hao walilisha watu. Lakini mgeni anayetupwa majini bila mtu kufikiri anaweza kuleta magonjwa na kula mayai ya wenyeji, na hakuna atakayeweza kumtoa tena. Aliyechoka na samaki wake ampe mtu mwenye chombo.

Nimeandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyeachiwa kitu cha mwenziwe. Wako walioachiwa mbuzi, walioachiwa mbwa, walioachiwa mgonjwa. Ukiona vurugu ndani ya kile ulichoachiwa, pima kwanza nafasi, chakula na maji, halafu ndipo utafute mkosaji. Nyumbani kwangu tulihitaji pipa moja na mama mwenye kusema ukweli.

Jumapili iliyopita simu ilipata mtandao. Mtoto akauliza swali lake, nikamjibu kwamba mweusi anakula, na kwamba sasa anakula lengalenga. Akacheka, akasema mama yake naye huko Bujumbura anatafuta lengalenga sokoni. Kisha akataka kujua kama pipa litabaki kwangu watakaporudi, au nao watalichukua. Nilimwambia ni lao.