Diski Nne na Vitabu vya Ubatizo

Ukipita ofisi ya parokia huku kwetu Namtumbo siku ya kazi, mara nyingi watu utakaowakuta kwenye benchi hawajaja kuandikisha nia za Misa. Wamekuja kutafuta jina. Mzee aliyezaliwa kijijini miaka ya hamsini anahitaji cheti cha ubatizo akiambatanishe na maombi yake ya cheti cha kuzaliwa kule RITA, kwa sababu hana karatasi nyingine ya zamani inayomtaja. Binti anakitaka kwa ajili ya ndoa. Hata frateri, ikifika zamu yake ya ushemasi, kanuni ya 1050 inamdai uthibitisho wa ubatizo na kipaimara. Wote hao wanategemea mstari mmoja katika kitabu kimoja, ulioandikwa na padre ambaye pengine alishafariki siku nyingi, kwa wino unaofifia, kwenye karatasi ambayo mchwa wanaipenda kuliko sisi.

Kwa sababu hiyo, katika likizo mbili zilizopita tulivipiga picha vitabu vya zamani vya parokia yetu, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya kuingia seminari nilisoma kompyuta kidogo, basi kazi ikaniangukia mimi. Picha tuliziweka kwenye seva iliyokwishatumika, tuliyopewa na wafadhili, yenye nafasi nne za diski na kadi ya RAID ndani yake. Waamini wameniuliza maswali mengi kuhusu mashine hiyo. Swali la maana kuliko yote liliulizwa na mama mmoja wa WAWATA: “Frateri, hicho chuma kikifa, majina yetu yanakwenda wapi?” Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Hapa nataka nimjibu kwa kirefu.

Diski ni kitu kinachokufa. Ndani yake mna visahani vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Hakuna fundi anayeweza kuahidi siku yake ya mwisho. Mwaka 1988 watu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililopendekeza jambo lililoonekana kinyume na akili ya kawaida: badala ya kununua diski moja kubwa ya gharama na kuitumainia, nunua diski nyingi za bei nafuu, ukubali kwamba zitakufa, kisha uzipange ili kifo cha moja kisiwe kifo cha kumbukumbu. Mpango huo wakauita RAID.

Njia rahisi ni kuandika kila kitu mara mbili, diski moja ikiwa kioo cha mwenzake. Njia ya pili ni ya werevu zaidi, nami huwaeleza wanajumuiya kwa mfano wa bahasha. Tuseme jumuiya tatu zimeleta michango: Mtakatifu Yosefu 12,000, Mtakatifu Anna 9,000, Mtakatifu Kizito 15,000. Mweka hazina anaandika jumla, 36,000, kwenye bahasha ya nne. Bahasha ya Mtakatifu Anna ikipotea, huhitaji kumsumbua mtu yeyote. Toa 12,000 na 15,000 katika 36,000, kiasi chake kinarudi palepale. Kompyuta haitumii jumla ya kawaida. Inahesabu kama biti zilizowashwa ni shufwa au witiri, lakini mantiki ni ileile. Na haiweki hesabu zote kwenye diski moja. Inazigawanya kwa zamu katika diski zote nne, ili asiwepo mmoja anayebeba mzigo wote.

Hapo ndipo mwanafunzi wa falsafa anapoanza kukuna kichwa. Ile hesabu ya nne haina jina la mtu yeyote. Ukiifungua peke yake huwezi kumkuta Maria wala Yohane. Hata hivyo, ikiwa pamoja na wenzake, inaweza kumrudisha yeyote aliyepotea. Kitu kisichofanana na jina kinalinda jina. Sijui kama Aristotle angefurahi, ila nadhani angetuuliza kwanza swali lake la maada na umbo, na lingetufaa. Maana diski zikibadilishwa moja baada ya nyingine kwa miaka kumi, itafika siku ambapo hakuna chuma hata kimoja kati ya vile vya mwanzo, na bado tutasema kumbukumbu ni ileile. Ni meli ya Theseus, ile aliyoisimulia Plutarch, imeegeshwa chini ya meza ya katekista.

Anayesimamia yote ni ile kadi, kidhibiti cha RAID. Mfumo wa kompyuta hauzioni diski nne. Kadi inauonyesha diski moja tu kubwa, na ugomvi wote wa ndani inaumaliza yenyewe. Ina kumbukumbu yake ya muda, na hapo kuna jambo la kuangalia sana katika mazingira yetu. Ili kazi iende haraka, kadi inaweza kuiambia kompyuta “nimeshaandika” wakati maandishi bado yamo kwenye kumbukumbu hiyo ya muda, hayajafika kwenye diski. Umeme ukikatika sekunde ileile, jibu hilo linageuka uongo. Mtakatifu Thomas anaueleza ukweli kuwa ni ulinganifu kati ya akili na kitu. Kadi imesema moja na kitu ni kingine. Dawa yake ni betri ndogo juu ya kadi, inayoshikilia maandishi hayo mpaka umeme urudi. Kadi nyingi betri yake ikichoka hubadili tabia zenyewe: zinaandika kwanza, ndipo zinajibu. Mashine inakuwa nzito, na watumiaji wanalalamika. Mimi naona ni heri uzito huo. Tangu laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ituunganishe Ruvuma na gridi ya taifa, hali si kama enzi za majenereta ya dizeli, lakini yeyote aliyeishi huku wakati wa mvua za radi anajua kwa nini nimetumia aya nzima kwa betri.

Kifo chenyewe kilitukuta Januari. Katekista wetu alinipigia simu: “Frateri, mashine yako inalia kama kifaranga kilichoachwa na mama yake.” Nikamwuliza, “Mwalimu, taa ya diski gani imegeuka rangi?” Akahesabu kutoka kushoto. Ya tatu. Picha zilikuwa bado zinafunguka zote. Mzee aliyekuja asubuhi ile alipata cheti chake bila kujua kwamba sehemu ya ukurasa wake ilikuwa inakokotolewa upya kutoka diski tatu zilizobaki. Lakini tangu saa ile tulikuwa hatuna akiba. Diski nyingine moja ikifuata, kwa mpangilio tuliokuwa nao, kila kitu kingekwenda.

Fundi wa Songea alitupa maagizo matatu kwa simu, nami nayaandika hapa kwa faida ya parokia na shule zenye mashine kama hii. La kwanza: msiguse diski nzima, kuchomoa ya pili kwa bahati mbaya ni kuimaliza kazi ambayo ya tatu imeianza. Basi tukabandika namba kwenye kila nafasi. La pili: kabla diski mpya haijaingia, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje. Sababu yake ni kwamba wakati wa kujenga upya, kadi husoma diski zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, zikiwamo sehemu ambazo hazijaguswa kwa mwaka mzima, na ugonjwa uliojificha hujitokeza saa hiyo hiyo usiyoutaka. La tatu: kadi ikiwahi kuuliza kama iupokee mpangilio iliouona kwenye diski au iufute, msibonyeze kufuta. Mpangilio huandikwa kwenye diski zenyewe, na kwa kawaida hata kadi ikifa, nyingine ya jamii ileile inaweza kuusoma.

Diski mpya ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea, kisha ikamalizia zile kilomita kama 70 mpaka hapa ikiwa kwenye mapaja ya mwalimu wa sekondari aliyekuwa anarudi kazini. Tuliiingiza jioni mashine ikiwa inawaka. Kadi iliitambua yenyewe na kuanza kazi. Terabaiti mbili kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde ni saa tano na nusu, mambo yote yakienda sawa. Hayakwenda sawa, ikachukua mpaka alfajiri. Baba Paroko alijaza mafuta kwenye jenereta na kulala na funguo zake. Nilisali Sala ya Usiku mbele ya asilimia 31. Kwenye asilimia 64 umeme ulicheza mara mbili, UPS ikapiga kelele, kadi ikaendelea. Asubuhi taa zote nne zilikuwa kijani, na watu wakafurahi kana kwamba tumeokoa majina ya parokia nzima.

Furaha hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, na hapa ndipo jibu langu kwa yule mama lilipo. RAID inalinda kumbukumbu dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya kitu kingine chochote. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ofisini mahali fulani ninapopafahamu karani alifuta folda ya miaka mitano akidhani ni ya majaribio; diski zote zilitii kwa pamoja, na hesabu ya pariti ikasahihishwa ipasavyo ili ishuhudie kwamba folda haikuwahi kuwepo. Hakuna diski iliyokufa. Hakuna taa iliyobadilika rangi. Vivyo hivyo kwa mwizi anayeibeba seva nzima, na kwa moto.

Kuhusu moto, sisi wa Ruvuma hatuhitaji kukopa mifano. Misioni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, iliteketezwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Nyumba ikiungua, vitabu viwili vilivyo rafu moja vinaungua pamoja, hata vingekuwa vinne. Kanisa lililijua jambo hili kabla hatujawa na umeme. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwa askofu nakala halisi ya vitabu vya parokia, isipokuwa kile cha hali ya waamini. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inasema kwa namna nyingine: kanuni ya 535 inataka vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na ya 491 inataka orodha za nyaraka ziandikwe nakala mbili, moja ibaki kanisani, nyingine iende jimboni. Naona busara kubwa katika maneno “iende jimboni.” Nakala iliyo mbali haifahamu amri iliyotolewa hapa leo asubuhi kwa makosa, nayo haiungui na nyumba yetu.

Kuna na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Kitabu cha ubatizo hakikomi siku ya ubatizo. Pembeni ya jina huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za daima. Kwa hiyo picha niliyoipiga likizo iliyopita imeshaanza kuzeeka: binti aliyefunga ndoa Juni, kwenye picha bado hajaolewa. Mwaka mmoja bila kupiga tena, na mashine itatunza kwa uaminifu mkubwa habari ambazo si kweli tena. Ndiyo maana nawaomba makatekista wasivitupe vile vitabu wala kuvipeleka stoo. Kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Mashine inakisaidia kufika mbali.

Tumebadilisha mpangilio. Zamani diski nne za terabaiti mbili zilitupa nafasi ya sita na zikastahimili kifo kimoja. Sasa zinatupa nne na zinastahimili viwili. Wengine wanasema tumepoteza nafasi. Majina ya ubatizo hayali nafasi kubwa kiasi hicho. Mara moja kwa mwezi kadi inazisoma diski zote kutafuta ugonjwa uliojificha. Na tuna diski mbili za nje, zimefungwa kwa nywila, kwa kuwa habari za sakramenti za watu si za kila mwenye kompyuta. Kanuni ya 487 inaamuru hata nyaraka za jimbo zifungwe kwa ufunguo. Diski hizo zinapishana: moja iko Songea, nyingine iko hapa ikinakili mambo ya mwezi.

Mwezi huu ni zamu ya diski namba mbili. Inaondoka Jumatatu na gari la parokia, ndani ya chungu kidogo cha plastiki chenye mfuniko kwa ajili ya mvua, pamoja na orodha ya watoto wa kipaimara na magunia mawili ya mahindi. Dereva ameshaambiwa asiiweke karibu na dumu la mafuta.