Nepi Zilizobaki Kavu

Siku ya nne baada ya kujifungua, mama aliingia chumbani na beseni tupu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza, "Za kufua ziko wapi?"

Nikamwonyesha mfuko wa plastiki nyuma ya mlango. Ndani kulikuwa na pampasi mbili, nimezikunja vizuri kama bahasha. "Hakuna cha kufua, mama," nilimwambia, kwa fahari kidogo. "Wewe pumzika."

Akatoa moja, akaipima kiganjani kama mtu anayepima kitunguu sokoni. Akaifungua, akaipapasa ndani, akainusa. Halafu akairudisha mfukoni. "Hii inajua kuficha siri," akasema, na kwenda kufungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam mwezi mmoja kabla, na tumbo langu la miezi minane, kuja kujifungulia kwa mama. Nyumbani ni Makambako, pale barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Wasafiri wengi wanaujua mji huu kwa dakika kumi na tano za kuchimba dawa na kununua viazi. Wanaolala hapa wanaujua kwa upepo na baridi. Na mimi nilikuja kujifungua Julai, mwezi ambao maji ya bomba asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa ya vidole, na ukungu unaweza kukaa hadi saa nne au tano kabla jua halijajitokeza.

Ndiyo maana kwenye basi nilipakia pakiti mbili kubwa za pampasi. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia kila mtu. Ile nyingine sikuisema. Mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa na miaka saba, na nakumbuka kamba iliyopita juu ya jiko la mkaa sebuleni, nepi zimening'inia kwa sababu nje hazikauki, nyumba nzima ikinuka moshi, sabuni na mkojo. Siku moja mwalimu alinusa sweta langu mbele ya darasa. Nilipofika chuo kikuu nilijiapia kwamba mtoto wangu hatavaa nepi. Si suala la baridi tu. Nilitaka kuwa mama msafi.

Mama hakubishana na pakiti zangu. Ila kabla sijafika alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe cha pamba, amekikata miraba na kukipinda kwenye cherehani yake. Nepi ishirini na nne. Nilishukuru, nikazitia kwenye sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda.

Sasa alizitoa, akamfunga mjukuu wake nepi moja, akasema, "Tusubiri."

Saa tano baadaye nepi ile ilikuwa kavu. Ya pili ilitoka na doa dogo la rangi ya tofali, kama vumbi la udongo mwekundu wa barabarani. Nilipiga kelele nikidhani ni damu. Mama akaipeleka dirishani, akaitazama, akasema si damu. "Huyu ana kiu." Ya tatu ilikuwa na choo kidogo cheusi, chenye kunata kama lami. Choo hicho ndicho cha kwanza cha kila mtoto, na kwa kawaida kufikia siku ya nne kinakuwa kimeshabadilika, kwanza kijani, kisha manjano. Cha binti yangu kilikuwa bado cheusi.

"Lakini ananyonya, mama. Kila saa ananyonya."

"Anashika titi," akasema. "Kunyonya ni kitu kingine."

Majirani waliokuja kutoa pole ya uzazi walikuwa wakimsifia mtoto. Walikuja na mchele na sukari, "Kamwene," wakakaa, wakaniambia nina bahati, mtoto mpole, halii, analala tu. Na mimi niliipokea bahati hiyo. Usiku ule, nikiwa nimekaa na nepi kavu mapajani, ndipo nilipoelewa kwamba upole ule ulikuwa uchovu.

Asubuhi tulipanda bajaji kwenda hospitali. Mama alibeba kapu, mimi nilimbeba mtoto ndani ya mablanketi mawili. Muuguzi aliyetupokea hakuanza na jina wala kadi. Aliuliza, "Amekojoa mara ngapi tangu jana?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina jibu. Kwa siku tatu nilikuwa nimebadilisha pampasi kwa saa, asubuhi na jioni, bila kujua kilichokuwamo. Mama akajibu kwa niaba yangu: "Mara mbili, na moja ni ya rangi ya tofali." Halafu akatoa kwenye kapu nepi tatu alizozikunja moja moja, akazitandaza juu ya meza.

Muuguzi alizitazama zote kwa makini, kama anavyotazama majibu ya maabara. Akambonyeza mtoto kwenye paji la uso kwa kidole, akakiachia. Kwa ngozi zetu manjano hayaonekani haraka, ila pale damu inapokimbia kidole rangi inajitokeza. Akafungua jicho. Pembeni, palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na rangi ya kiini cha yai. Mizani ikasema kilo 2.7. Alizaliwa na kilo 3.1. Watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, muuguzi alinieleza, lakini wangu alikuwa amepita kipimo. Maziwa yalikuwapo. Mtoto alikuwa akinyonya ncha ya chuchu tu, hayavuti.

Tulilazwa. Nilifundishwa upya kumweka titi, kidevu kikiwa kimezama na mdomo umefunguka wote, na baada ya kila kunyonya nikakamua na kumnywesha kwa kikombe kidogo. Muda uliobaki alilala chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa, amevaa nepi ya bibi yake.

Nilipata muda mrefu wa kukaa kando ya mwanga ule na simu yangu. Nilisoma kwamba manjano yanatokana na bilirubini, takataka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto mchanga bado linajifunza kuishughulikia, na njia kuu ya kuitoa ni choo. Mtoto asiyeshiba hapati choo cha kutosha, kwa hiyo ile rangi inabaki mwilini. Ikizidi sana inaweza kuingia kwenye ubongo na kuudhuru moja kwa moja. Hiyo sentensi niliisoma mara nyingi.

Nilisoma pia kwamba tiba ya mwanga ilianzia kwenye jicho la muuguzi. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sister Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Akagundua kwamba mtoto mmoja mwenye manjano amepauka kila mahali isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka. Baadaye chupa ya damu iliyosahaulika kwenye jua la dirishani ilipimwa na kukutwa bilirubini yake imeshuka. Mwaka 1958 madaktari wa pale wakachapisha matokeo ya taa ya kwanza katika jarida la The Lancet.

Nilipomsimulia mama, hakushangaa. "Doa la choo cha mtoto linatolewa na jua," akasema. "Sabuni peke yake haliliwezi." Na ni kweli: choo cha mtoto anayenyonya kinapata umanjano wake kutoka kwa bilirubini hiyohiyo, na mwanga unaivunja kwenye kitambaa kama unavyoivunja kwenye ngozi. Ila muuguzi alimkatiza alipoanza kusema kwamba basi tungemwota jua tu nyumbani. Jua la dirishani halina kipimo, alisema, na mtoto mchanga anapata baridi haraka. Mtoto wa manjano aletwe.

Usiku wa pili, saa nane, nilifungua nepi nikakuta imelowa chapachapa. Alfajiri kulikuwa na choo kilichoenea mpaka mgongoni, kikachafua nepi, shati, blanketi na mkono wa sweta langu. Kilikuwa cha manjano kama haradali, chenye punje ndogondogo. Nilicheka kwa sauti mpaka mama wa kitanda cha pili akaamka. Nikampigia baba yake Dar es Salaam alfajiri hiyo kumwambia binti yake amejinyea. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia anavuta kamasi. Kuanzia siku hiyo kila jioni alituma ujumbe wa neno moja: "Ngapi?" Nami nikamjibu kwa tarakimu. Sita. Saba. Nane. Muuguzi alikuwa ametuambia sita zilizolowa kwa siku ndiyo ishara kwamba mtoto anashiba.

Tuliporudi nyumbani nilijifunza kufua. Choo kinakwanguliwa kwanza na kutupwa chooni. Halafu maji baridi, si ya moto, maana ya moto hupika doa likabaki. Sabuni ya mche inapakwa pale pale penye doa, nepi inalowekwa, inafikichwa, inasuuzwa mara mbili ili sabuni isimchome mtoto. Ikiwa bado na unyevu inaanikwa juani, na doa likikaidi inakamuliwa limau. Ukungu ulipogoma kuondoka tulirudi kwenye kamba ya sebuleni, jiko chini yake, dirisha wazi na mtoto chumba kingine, kwa sababu mkaa unaua bila harufu. Jioni mama alizipiga pasi zote, mbele na nyuma.

Akiwa anafua alinisimulia habari za kaka yangu, aliyezaliwa 1983. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya kutafutwa kama dawa, na Serikali ilikuwa kwenye msako wa wahujumu uchumi. Alifua nepi kwa maji ya majivu yaliyochujwa, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Nilitazama vidole vyake ndani ya beseni. Nilikuwa nimeikumbuka harufu ya nepi miaka yote hiyo. Mikono iliyozifua sikuwahi kuikumbuka.

Sitaki kuzisema vibaya pampasi. Zimepewa jina hilo kwetu kutokana na Pampers, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1961 kwa kazi ya mhandisi Victor Mills, ambaye inasemekana alichoshwa na nepi za mjukuu wake. Kabla yake, mwaka 1951, mama mmoja Mmarekani, Marion Donovan, alipewa hataza ya kifuniko cha nepi kisichovuja. Kile cha kwanza alikishona kwa pazia la bafuni. Wote wawili walikuwa wakikimbia beseni lilelile. Mimi bado nazitumia safarini na usiku, ingawa dukani kwa mtaa wetu zinauzwa moja moja, na mbwa wanazitoa jalalani na kuzitawanya barabarani. Lakini siku za mwanzo ninaweka kipande cha kitambaa ndani, kama muuguzi alivyonionyesha, kionyeshe kama mtoto amekojoa. Nimewaambia hivyo rafiki zangu watatu waliojifungua baada yangu. Mmoja alikunja uso. Mwingine alinipigia siku ya tatu kuniuliza rangi ya tofali ikoje hasa.

Tulirudi Dar es Salaam Oktoba. Mama alitusindikiza stendi, akaingiza nepi ishirini na nne kwenye begi langu bila kuniuliza. Mabaki ya manjano yalikuwa yamefifia kwenye karibu zote. Tatu zile za kwanza zilikuwa nyeupe kabisa, hazikuwa na kitu cha kutoa, na mimi peke yangu ndiye ninayezitambua kwa pindo la uzi wa bluu alioutumia mama uzi mweupe ulipomwishia.

Basi lilipofika Mafinga simu ikaita. "Amefikisha ngapi tangu asubuhi?" akauliza.

"Nne, mama."

"Haya," akasema. "Jioni nipigie."