Kemia ya Ukutani

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawaamini nikiwaambia kuwa mwalimu wao wa kemia aliwahi kuichukia kemia. Niliichukia hasa. Kwangu lilikuwa somo la kukariri tu: unapuliza kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, yanageuka meupe kama tui, unaandika kwamba kaboni dayoksaidi ipo, unapewa alama zako, unakwenda zako. Kwa nini yageuke, hakuna aliyeuliza, na mimi sikujisumbua.

Kilichonibadilisha ni nyumba ya bibi yangu, Malindi ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro kisicho mbali na Msikiti wa Mnara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Chumba cha chini kilikuwa kimepigwa lipu ya saruji zamani, nayo ikibanduka mapande mapande, nyuma yake chumvi tupu. Bibi akamleta mzee mmoja, fundi wa chokaa, nami nikatiwa kazini nimsaidie.

Akanipa mawe mawili ya matumbawe, ukubwa mmoja. "Hili bichi, hili limetoka tanuuni. Yanyanyue."

La tanuuni lilikuwa jepesi mno.

"Uzito umekwenda wapi, babu?"

"Umetoka na moshi, mwanangu."

Hakuwa mbali na ukweli. Kalisiamu kaboneti ikipata joto la nyuzi 900 hivi huachia kaboni dayoksaidi, na kilo 100 za jiwe safi hubakisha kilo 56 tu. Kilo 44 zimepaa. Mlinganyo ule nilikuwa nikiuandika daftarini siku zote, lakini haikunipitikia kwamba ile gesi ya mwisho wa mstari ina uzito ambao mkono unaweza kuukosa.

Kisha babu akayazima kwa maji mawe ya tanuuni. Alitutaka tusimame upande unakotoka upepo, tukinge macho, maana chokaa ikiingia jichoni huunguza vibaya. Maji yalipogusa mawe yakafyonzwa, kimya kidogo, halafu mawe yakaanza kupasuka na kutoa mvuke, na pipa zima likachemka bila kijiti cha moto chini yake. Joto lile, kumbe, lilitoka kwenye maji na chokaa kuungana.

Tukachanganya na mchanga na udongo mwekundu, tukapiga lipu. Kila asubuhi babu aliunyunyizia ukuta maji, nami nikaona anajichelewesha, kwani si tunataka ukauke? Akasema lipu ya chokaa haikauki tu, inangoja hewa. Hapo ndipo mrija wa shuleni uliponijia. Chokaa inairudisha ile kaboni dayoksaidi iliyopotea tanuuni, na kwa unyevu ule inageuka jiwe tena. Ndiyo kazi ya pumzi yangu ndani ya chupa, ila ya chupa ni dakika moja na ya ukuta ni miezi, pengine miaka.

Na saruji ilishindwa kwa nini? Unyevu hupanda kutoka ardhini kwa vitundu vyembamba vya mawe, umebeba chumvi. Chokaa huuachia utoke. Saruji huuzuia, chumvi ikagandia nyuma yake na kusukuma mpaka lipu idondoke, na boriti za mikoko nazo zikaoza kwa unyevu uliokosa njia. Hiyo ni fizikia, na Mji Mkongwe umejaa kuta za kuisomea, bora usiwe na haraka.

Sasa darasani huvunja kipande cha lipu ya miezi michache na kukidondoshea fenoftalini. Katikati huwa waridi, kwa kuwa chokaa bado haijapata hewa. Ngozi ya nje haibadiliki rangi, imeshakuwa jiwe. Muhula huu mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Maalim, ukuta uliopakwa rangi ya plastiki si utabaki na waridi ndani muda mrefu zaidi?" Sikumjibu. Tumepiga lipu kwenye vigae viwili, kimoja tumekipaka rangi, viko dirishani mwa maabara, na tutavivunja kabla ya mitihani.