Bukta Hairuhusiwi

Ni kwenye lango la bwawa la kambi ya likizo kusini mwa Ufaransa ambapo wanaume wengi wa Afrika Mashariki hugundua kuwa nguo waliyoinunua kwa ajili ya kuogelea haifai kuogelea. Bukta pana inayofika magotini, yenye mifuko na kamba kiunoni, ndiyo vazi la vijana kwenye fukwe za Bamburi na Coco Beach, na ndiyo ambayo baba mtu anaiona ya heshima. Mlinzi wa bwawa anatikisa kichwa na kuonyesha bango: picha ya bukta imekatwa kwa mstari mwekundu, na kando yake ipo ya chupi ya kuogelea, fupi na ya kubana. Baadhi ya mabwawa yana hata mashine ya kuuzia chupi hizo. Baba mhamiaji aliyesafiri na wanawe kutoka Brussels au Birmingham ana hiari mbili: anunue vazi ambalo hangethubutu kulivaa mbele ya mkwewe, au akae kitini akiwatazama watoto wakiruka majini.

Wa kwanza kukasirika si yeye. Waingereza, ambao kwao bukta ni ruksa, hulalamikia sheria hiyo kila kiangazi. Lakini kwa familia ya Kiswahili malalamiko yana uzito wa ziada, kwa sababu yanagusa stara. Vazi linaloficha zaidi linaitwa chafu, na linaloacha mwili nje linaitwa safi. Mtu aliyelelewa Lamu au Kigoma anaona mizani imepinduliwa.

Maelezo ya Wafaransa, hata hivyo, yana mashiko. Bukta ni nguo ya mitaani. Mtu huivaa asubuhi akienda kununua mkate, mchana akaikalia mchangani, jioni akajitosa nayo majini na mifuko yake yote. Chupi ya kuogelea haiendi dukani. Nyuma ya hoja hiyo kuna kemia. Klorini inapokutana na jasho na mkojo huzaa kloramini, na hiyo ndiyo inayowasha macho na kutoa ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni ya klorini yenyewe. Kanuni za Ufaransa zinataka klorini ya namna hiyo, iliyokwisha kuungana na uchafu, isizidi miligramu 0.6 katika lita moja, na zinamtaka mwenye bwawa aongeze walau lita 30 za maji mapya kwa kila muogaji kila siku. Maji hayo hulipiwa, kisha hupashwa moto kwa gharama.

Kofia nayo ina hesabu zake. Mabwawa mengi ya umma ya Ufaransa huitaka kwa kila kichwa, ili nywele zisizibe machujio. Tabu humpata mama mwenye rasta au binti aliyesukwa siku mbili kabla ya safari, kwa sababu kofia ya kawaida imetengenezwa kwa kichwa chenye nywele laini zinazolala. Mwaka 2017 vijana wawili wa London, Toks Ahmed-Salawudeen na Michael Chapman, walianzisha kampuni ya Soul Cap ili kutengeneza kofia kubwa zaidi. Julai 2021, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ikikaribia, FINA, shirikisho la kimataifa la kuogelea, lilikataa kuziidhinisha kwa mashindano, kwa maelezo kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Alice Dearing, mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, alikuwa akishirikiana na kampuni hiyo. Kelele zilikuwa nyingi, na Septemba 2022 kofia hizo zikaruhusiwa.

Kaskazini zaidi sheria inahusu kuvua kuliko kuvaa. Katika mabwawa ya Iceland, na kwa kawaida hata Sweden na Norway, muogaji hutakiwa kuoga kwa sabuni akiwa uchi, pamoja na wengine wa jinsia yake, kabla hajavaa nguo ya kuogelea. Mabango ya Iceland huonyesha mchoro wa mwili uliotiwa alama kichwani, makwapani, kinenani na miguuni, na mhudumu huweza kumrudisha aliyepita mkavu. Sababu ni ileile: uchafu ukibaki bafuni, bwawa linahitaji klorini kidogo. Lakini kwa Mwislamu wa pwani, hata mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake ana mpaka, kati ya kitovu na goti. Baadhi ya mabwawa yameweka vibanda vyenye pazia au mlango, na wanaovifurahia si wahamiaji peke yao. Vijana wa huko nao, hasa walio katika umri wa kubalehe, huvikimbilia.

Mpaka hapa mgeni mwenye subira anaweza kuikubali hoja ya maji. Hoja hiyo inaanza kuyumba inapofika kwenye burkini.

Vazi hilo lilibuniwa Sydney mwaka 2004 na Aheda Zanetti, Mwaustralia mzaliwa wa Lebanon. Ni suruali, kanzu fupi na kofia, vyote vya kitambaa kilekile cha nguo za kuogelea, na hakuna anayekwenda nalo sokoni. Hata hivyo, kiangazi cha 2016 meya wa Cannes alilipiga marufuku ufukweni, kwenye bahari isiyo na machujio wala klorini, na miji kadhaa ikamfuata, mpaka Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa, liliposimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet mwezi Agosti.

Kwa mabwawa, uamuzi ulikwenda upande wa pili. Tarehe 16 Mei 2022 madiwani wa Grenoble walipitisha kanuni iliyofungua mlango kwa burkini. Mahakama ya mji huo iliisimamisha kabla mwezi haujaisha, na tarehe 21 Juni Baraza la Dola likaunga mkono usimamishaji huo. Hoja yake inafaa kusomwa kwa makini. Grenoble iliwataka waogaji wote wavae nguo za kubana, kisha ikalegeza sharti hilo kwa vazi la kundi moja tu, na kwa macho ya majaji upendeleo huo uliharibu usawa wa huduma ya umma. Rennes, kwa upande wake, tangu 2018 ilikuwa na kanuni inayotaja kitambaa cha kuogelea bila kujali urefu wa vazi, na mwenye burkini alikuwa akiingia bila kuombewa msamaha.

Ujerumani imechukua njia nyingine. Mwaka 2013 mahakama yake kuu ya utawala iliamua kwamba msichana Mwislamu wa Frankfurt hawezi kusamehewa masomo ya kuogelea pamoja na wavulana, kwa kuwa angeweza kuvaa burkini. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilifuata mwelekeo huo Januari 2017 katika kesi ya wazazi wa Basel, Uswisi, waliopigwa faini ya jumla ya faranga 1,400 kwa kuwazuia mabinti zao. Nako Berlin, ambako burkini inaruhusiwa, mabwawa ya umma yalitangaza Machi 2023 kwamba mwanamke anaweza kuogelea kifua wazi kama mwanamume. Familia ya Kiswahili inayoishi huko inaweza kuwakuta wote wawili, aliyejifunika na aliyejifunua, ndani ya maji yaleyale Jumamosi moja.

Likizo inapogeuka kuwa safari ya nyumbani, hesabu zinaanza upya. Binti aliyezaliwa Oslo anashuka Mombasa na nguo yake ya kuogelea ya kipande kimoja, ileile iliyosifiwa na mwalimu wake. Hajafika majini, shangazi amekwisha kumtupia leso. Binamu zake wanaingia baharini na madera, wanacheka, na kina kikizidi kifua wanarudi, maana dera likilowa huvuta chini. Zanzibar na Oman wageni huombwa kufunika mabega na magoti wanapopita mitaani, na bikini ibaki hotelini. Kule Oslo binti alionekana kavaa sawasawa. Huku Mombasa anaonekana yu uchi.

Zaidi ya stara kuna uhai: kujua kuogelea ni jambo zito kwa watu wa visiwa, kama ilivyokumbusha Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuelea na kuogelea kwa kuwapa mavazi yanayofunika mwili wote, na hivyo wazazi ambao wangekataa wakakubali. Waholanzi nao, ambao mabwawa yao hayataki nguo za mitaani, humtaka mtoto anayetafuta cheti cha kwanza cha kuogelea ajitose na nguo na viatu, kwa sababu anayetumbukia mferejini hapewi nafasi ya kubadili. Wakufunzi wa usalama majini huongeza jambo ambalo sheria chache hulitaja: rangi. Nguo ya buluu mpauko au nyeupe hupotea chini ya maji, ilhali ya chungwa kali huonekana.

Hoteli kadhaa za pwani ya Afrika Mashariki zimeiga bango la Ulaya na kuacha maelezo yake. Si ajabu kukuta tangazo la “mavazi rasmi ya kuogelea” bila neno zaidi, na mhudumu akilitafsiri apendavyo. Familia ya mjini iliyolipa kiingilio siku ya Idi inarudishwa kwa sababu mama kavaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Pamba ingekuwa sababu halali, kwani hunyonya maji, huwa nzito na huacha nyuzi kwenye machujio. Lakini mara nyingi nguo ile ni ya nailoni, na aliyekataliwa hakuulizwa. Mgeni wa Kizungu mwenye bukta yenye mifuko, ambaye Ufaransa angezuiwa, anapita.

Bango la maneno machache lingetosha kuondoa ubishi huo: kitambaa cha kuogelea tu, urefu wowote, mifuko mitupu, oga kwanza. Meneja wa hoteli ya Diani au Paje anaweza kulibandika wiki hii bila kumsubiri waziri wala hakimu, na mama wa suruali ya nailoni angejua kabla hajalipa kiingilio kama ataogelea.