Daftari Moja Halitoshi



Huu ni mwaka wangu wa pili kuwa kiranja wa maktaba ya shule yetu. Watu wengi hudhani ya kuwa karatasi huoza, bali maandishi ya kompyuta hudumu milele. Sivyo hata kidogo.

Likizo iliyopita babu alinituma nimtafutie tangazo la serikali juu ya mipaka ya mashamba kijijini kwetu, maana ugomvi ulikuwa umezuka. Tangazo hilo lilikuwa limewekwa katika tovuti ya ofisi moja. Nilipoifungua, tovuti ilikwisha badilishwa, na waraka haukuwapo tena. Hapakuwa na moto wala mchwa, lakini ushahidi wa babu ulitoweka. Tulipona kwa sababu mkutubi mmoja alikuwa ameuchapa na kuutia katika jalada.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa hasara. Hesabu yao ya watu ya mwaka 1890 haikuwekewa nakala katika ofisi za wilaya, kama zilivyowekewa hesabu za kabla yake. Tarehe 10 Januari 1921 moto ulishika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na sehemu kubwa ya daftari hizo ikaharibika kwa moto na maji. Nchi hiyo hiyo tangu 1813 ilikuwa na desturi njema ya kupeleka nakala za kumbukumbu za Bunge lake katika maktaba za mbali.

Kompyuta nazo zataka desturi hiyo. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mpango uitwao LOCKSS. Kila maktaba huweka nakala yake. Kompyuta zao huzilinganisha, na iliyoharibika hutengenezwa kwa kufuata zilizo nzima. Maktaba kadhaa huhifadhi nyaraka za serikali kwa njia hiyo.

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema daftari likiwa moja tu, nalo laweza kupotea. Tena waraka uliofungiwa kabatini hauna faida kwa mwananchi.

Muhula huu mwalimu wetu ameturuhusu kukusanya matangazo ya wilaya: nakala moja katika kompyuta ya shule, moja katika maktaba ya wilaya, na moja ya karatasi rafuni. Mzazi ye yote na aje aulize. Asiyejua kusoma atasomewa.