Mzigo Si wa Mabega

Katika maduka ya ushonaji ya Kariakoo kuna kazi ambazo mafundi huzigombea na kazi ambazo huzikimbia. Gauni la bi harusi hugombewa, na sare za sendofu pia, maana zinakuja thelathini kwa mpigo. Sidiria hukimbiwa. Ni ndogo, ina vipande vingi, nusu inchi ikipotea inaonekana, na mteja anajua fika kwamba Mtaa wa Kongo zimetandazwa kwenye turubai kwa bei ya sahani ya wali maharage. Mimi nimeishi kwa kazi hiyo inayokimbiwa, na imenisomeshea watoto.

Nilitoka Tanga na cheti cha ushonaji. Chuoni tulifundishwa sketi, blauzi, suruali na shati la kola. Nguo ya ndani hakuna aliyeitaja. Nikaajiriwa na mama mmoja mwenye chumba cha ushonaji ghorofa ya nne, karibu na Mtaa wa Uhuru, tukishona magauni ya harusi. Ndani ya magauni yale tulitia vikombe vya sponji vinavyouzwa tayari, jozi jozi. Msichana mwembamba vilimtosha. Kwa mwanamke aliyejaaliwa kifua vilikuwa pambo tu: gauni limesimama, mwenyewe anateremka ndani yake. Dawa ya bosi ilikuwa moja, kulibana gauni zaidi, na bi harusi akale keki yake kwa pumzi za kukopa.

Jambo hilo lilinikera kwa sababu mimi mwenyewe ni wa kundi hilo la pili. Basi nikatafuta sidiria moja kubwa ya mtumba, kazi ya Ulaya, lastiki imekwisha lakini vikombe vyake vimesimama vilevile. Shirika la Viwango Tanzania lilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, ila sokoni ukizitaka unazipata. Nikaifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, nikavipiga pasi vipande na kuvipanga juu ya gazeti.

Kikombe kimoja kilikuwa vipande vitatu: viwili vya chini vimesimama wima, cha tatu kimelala juu yao. Ukishona sketi, kingo mbili hukutana kwa sababu zinalingana. Hizi hazikulingana. Kila ukingo ulikuwa umetoa tumbo kuelekea kwa mwenzake, kwa hiyo ukivilaza vipande mezani vinagusana katikati tu, juu na chini vinaachana. Nikaviunga kwa sindano ya mkono, nikizilazimisha kingo zikutane mwanzo hadi mwisho, na kitambaa kikainuka chenyewe. Hakikuwa na sponji wala pasi ya kiwandani ndani yake, lakini kilikaa juu ya gazeti kimejaa, na nilipokibonyeza kikarudi.

Yote niliyoyajua baadaye kuhusu vikombe yalianzia pale. Kina kinatoka kwenye tumbo la mshono. Ukilikuza kidogo, kikombe kinazama. Ukilipunguza, kinakuwa sahani. Na pale tumbo hilo linapofikia kilele ndipo ncha ya titi itakapokaa, hivyo ukichora kilele chini mno, hata kikombe chenye ujazo kamili kitamfanya mtu aonekane amechoka. Mshono wa kulala unalipa titi mviringo. Mishono ya wima chini inabeba vizuri zaidi, maana kila mmoja unasimama kama nguzo kati ya waya unaopita chini ya kikombe na kilele. Ndiyo maana kwa matiti mazito sikati kikombe cha vipande viwili. Nakata vitatu, na wakati mwingine naongeza cha nne pembeni, karibu na kwapa, cha kuyasukuma mbele.

Bosi alipoona gauni la kwanza nililolitilia vikombe hivyo, hakusema kitu. Wiki iliyofuata akanipa wateja wote wenye kifua kikubwa, na kutoka hapo wateja wenyewe wakaanza kuniuliza kama naweza kuwashonea kile cha ndani, bila gauni. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Miaka michache baadaye nikapanga chumba changu mwenyewe, palepale juu, milango miwili kutoka kwake.

Tatizo nililokutana nalo kila siku halikuwa kushona, lilikuwa kupima. Mwanamke anapanda ngazi, anakaa, anasema, "Fundi, mimi navaa thelathini na nane B." Nampima chini ya matiti, futi ikibana mbavu, napata 34. Nampima palipojaa zaidi, napata 38. Tofauti ni inchi nne, na kwa hesabu ya herufi, inchi moja ni A, mbili ni B, tatu ni C, nne ni D. Mama huyu ni 34D.

Hajadanganya, lakini. Ujazo wa kikombe cha 34D ni sawa na wa 36C, na sawa na wa 38B, kwa sababu herufi haisimami peke yake, inaegemea namba. Wauzaji wengi huleta B, basi mwenye titi kubwa hupanda namba mpaka apate kikombe kinachomtosha. Kikombe anakipata, ila mgongoni amefungwa mkanda uliozidi kwa inchi nne. Mkanda uliolegea haushiki mbavu, unapanda juu. Ukipanda mgongoni, mbele kunashuka. Mbele kukishuka, anakaza kamba za mabegani, na jioni akivua unakuta mifereji miwili begani. Nimewaona akina mama wa soko la Feri wenye mifereji ya kudumu, ngozi imekuwa nyeusi pale kamba inapopita, na wote walidhani ni ukubwa wa matiti unaowaadhibu.

Herufi hizo hazikutoka mbinguni. Mary Phelps Jacob alipopewa hataza ya sidiria yake Marekani mwaka 1914, alikuwa ameanza na leso mbili za hariri na utepe. Vazi lile lililaza kifua na halikuwa na kikombe cha kusema. Ilipofika 1932 ndipo kampuni ya S.H. Camp, hukohuko Marekani, ikaanza kutumia herufi A hadi D kueleza ukubwa wa titi. Ni kipimo cha biashara, kizuri kwa kupanga maboksi. Mwili wenyewe hauna herufi. Nimeshapima wanawake wawili wa 34D ambao mmoja matiti yake ni mapana na mafupi, mwenzake membamba na marefu, na waya wa huyu ukimvika yule unamchoma kwapani.

Watu huuliza kwa nini titi lihitaji kubebwa. Nawaeleza kwamba ndani yake hakuna msuli wa kulishikilia. Kuna ngozi, na kuna nyuzi nyembamba ambazo daktari wa upasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Basi. Msuli wa kifua uko nyuma, titi limelala juu yake. Ukikimbilia daladala, kila kitu kinaning'inia kwenye ngozi na nyuzi hizo.

Kwa hiyo kazi ya sidiria ni kuutoa uzito ule mbele na kuupeleka kwenye mbavu na mgongo. Kikombe kinakusanya, waya unaweka mpaka, mkanda ndio unaobeba. Kamba za mabegani ni za kutuliza kikombe kisitikisike, na ukizilegeza titi halipaswi kuanguka. Hiki ndicho kipimo changu cha mwisho kabla mteja hajalipa: nazishusha kamba zote mbili, namwambia atembee mpaka dirishani na kurudi.

Mabishano huanza hapo.

"Fundi, mbona imenibana?"

"Imebana wapi, mama?"

"Mgongoni."

"Na mabegani?"

Anajigusa begani, anatafuta. "Mabegani sisikii kitu."

"Basi kaa nayo kidogo. Piga simu, kunywa maji. Ikikuzidi sema."

Sidiria mpya naifunga kwenye kulabu za nje kabisa, zile za kulegeza. Lastiki itavutika kadiri siku zinavyokwenda, na kulabu za ndani ni akiba ya baadaye. Anayeinunua ikimkaa sawa kwenye kulabu za ndani amenunua sidiria ambayo tayari imezeeka.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Cha kikombe kisivutike, au kivutike upande mmoja tu, na upande huo uwe wa kulala. Uzi mgumu usimame kutoka kwenye waya kwenda begani, la sivyo baada ya kufuliwa mara chache kikombe kinarefuka. Daraja la katikati ya matiti nalitia bitana isiyovutika hata kidogo, kwa maana lazima lilale bapa juu ya mfupa wa kifua. Likielea, kikombe ni kidogo. Mabawa ya mgongoni ndiyo pekee ninayoyakata kwa neti ya mpira. Na kwa joto la Dar es Salaam, kinachogusa ngozi chini ya titi kiwe pamba. Sponji nzito hunyonya jasho mpaka saa sita mchana mtu anawashwa.

Waya sikati kitambaa kabla ya kuuweka mwilini. Namwomba mteja ainue mkono, naulaza kwenye mkunjo wa titi, naufuata mpaka kwapani. Ncha yake iishie juu ya mbavu, nyuma ya nyama yote ya titi. Njia yake naishona ndefu kuliko waya wenyewe kwa upana wa kidole kidogo, kisha naifunga ncha zote kwa zigizaga nene. Waya uliobanwa ndani ya njia fupi hutafuta pa kutokea, na utatokea siku mtu yuko kanisani.

Wanaonyonyesha siwatilii waya. Kikombe nakiacha na nafasi, kwa sababu titi la asubuhi na la baada ya mtoto kunyonya hayalingani, na naimarisha mishono ya chini ili ifanye kazi ya waya.

Kazi iliyonifundisha zaidi aliniletea mwanamke aliyeondolewa titi moja, akiwa amemaliza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Alikuwa anajaza kitambaa upande ule, na kila akitembea sidiria ilipanda. Sababu ilikuwa nyepesi: kitambaa hakina uzito. Mkanda ulikuwa unavutwa chini upande mmoja tu, hivyo ule mwingine ukaruka, na bega nalo lilikuwa limeanza kupinda. Nikashona mfuko nyuma ya kikombe, wenye mdomo wa pembeni, na ndani yake kifuko cha ulezi. Ulikaa vizuri mpaka ulipopata wadudu. Nikahamia kwenye shanga ndogo za kioo, zinazofulika na kukauka, nikazifunika kwa sponji laini upande wa ngozi. Uzito tuliupata mbele ya kioo: yeye amesimama wima, mimi naongeza shanga kwa kijiko cha chai, mpaka mabega yakalingana. Mishono ya upande wa kovu niliigeuza nje, na waya pale sikuweka. Alileta wenzake. Kazi hizo bei yake ni tofauti, na sitaieleza hapa.

Sasa nina wasichana wanaojifunza kwangu. Siwapi kitambaa mwanzoni. Nawapa sidiria kuukuu na wembe. Wakishaifumua, kuichora kwenye karatasi na kuishona tena ikasimama, ndipo wanagusa mwili wa mteja. Wapo wanaoniuliza kwa nini tuhangaike, na kuna vikombe vya sponji vilivyofinyangwa kwa joto kiwandani, havina hata mshono. Nawaambia vikombe vile ni vizuri kwa aliyezaliwa na umbo la kalibu ya kufinyangia. Waliobaki ndio wateja wetu, na ni wengi.

Bado wapo wanaonishangaa kwa bei. Sidiria yangu ina vipande zaidi ya ishirini ukihesabu kulabu na vipete, na inauzwa karibu sawa na gauni la kitenge. Mteja akilalamika, sibishani naye. Namwambia aivae, ashuke ngazi za ghorofa zote nne, apande tena, kisha aniambie yeye mwenyewe ni shilingi ngapi.